ext4 au XFS kwa seva inayozimika ghafla: fsync, jonali na mfumo wa mafaili unapojifunga wenyewe

Seva inayotunza mauzo ya duka, rekodi za zahanati au michango ya SACCO mara nyingi inakaa kwenye chumba ambacho umeme hukatika bila taarifa, na UPS yake, kama ipo, ina betri iliyochoka. Anayeisimika Linux hulazimika kuchagua mapema, kwenye hatua ya kugawa diski: mfumo wa mafaili uwe ext4 au XFS? Ushauri mwingi unaozunguka ni wa kasi ya kunakili mafaili makubwa. Kwa seva ya aina hii kasi hiyo haina uzito. Maswali yenye uzito ni mawili. Programu ikidai data ifike kwenye diski sasa hivi, mfumo wa mafaili unafanya nini? Na kazi ikikatishwa kwa nguvu, iwe ni umeme au ni mfumo wenyewe kugundua hitilafu, unabaki na nini mkononi?

Msimamo wetu ni huu. Programu ikiita `fsync` (wito wa kudai data ya faili ifike kwenye diski sasa) ipasavyo, na diski ikiwa inasema kweli, ext4 na XFS zote hutimiza ahadi. Zinaachana njia mahali pawili: kwa programu zisizoita `fsync`, na wakati hitilafu inapotokea mfumo ukiwa kazini. Hapo pa pili watu hawapaangalii kabisa, ilhali ndipo panapopaswa kuamua uchaguzi wako.

## Data ikishaandikwa iko wapi

Programu ikiita `write()` na kujibiwa kuwa mambo yamekwenda sawa, data bado iko kwenye RAM, ndani ya kashe ya kerneli (kiini cha Linux). Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, ukurasa uliobadilishwa huhesabiwa kuwa umekaa mno baada ya sekunde 30 (`vm.dirty_expire_centisecs` ni 3000), na kerneli huamka kila sekunde 5 kutafuta kurasa za kusukuma (`vm.dirty_writeback_centisecs` ni 500). Umeme ukikatika, mauzo yaliyoingizwa nusu dakika iliyopita yanaweza kuwa hayajafika popote.

Jonali haizuii hasara hiyo. Inalinda metadata: majina ya mafaili, saraka, ukubwa wa faili, na ramani ya sehemu zipi za diski ni za faili lipi. Badiliko huandikwa kwanza kwenye jonali, kisha baadaye hupelekwa mahali pake. Mashine ikizimika katikati, jonali husomwa wakati wa kupachika (mount) tena. Miamala iliyokamilika hurudiwa na iliyoishia njiani hutupwa. Muundo wa mfumo unabaki mzima, lakini yaliyomo ndani ya faili hayajadhaminiwa na mtu.

Hapa tayari kuna tofauti ya vipimo. ext4 hufunga muamala wa jonali kila sekunde 5 (chaguo la `commit=5`). XFS hukusanya mabadiliko ya metadata kwenye kumbukumbu na kuyasukuma kwa mkupuo. Njia hiyo ndiyo ya kawaida tangu Linux 2.6.39, na kipimo chake cha muda, `fs.xfs.xfssyncd_centisecs`, ni 3000, yaani sekunde 30. Faili lililoundwa sekunde 10 kabla ya umeme kukatika, bila `fsync` yoyote, kwa ext4 jina lake huenda utalikuta. Kwa XFS jina lenyewe linaweza kuwa halipo.

## fsync: ahadi moja, gharama mbili

`fsync` hufanya mambo matatu kwa kufuatana. Husukuma kurasa za faili husika, huandika metadata yake kwenye jonali, kisha huiamuru diski imwage kashe yake ya ndani. `fdatasync` ni ndugu yake mwepesi: huacha mambo kama saa ya faili kubadilishwa, ambayo hayahitajiki ili data isomeke. Kama faili halikurefuka, `fdatasync` inaweza kumaliza bila kugusa jonali kabisa. Ndiyo maana hifadhidata ya PostgreSQL hutumia tena mafaili yake ya WAL (logi inayoandikwa kabla ya data yenyewe) ya MB 16 badala ya kuunda mapya kila mara, na kwenye Linux huita `fdatasync` kwa kawaida.

Gharama ya msingi inatoka kwenye diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde, yaani kama milisekunde 8.3 kila mzunguko. Programu inayosubiri kila andiko lifike kwenye sahani haiwezi kutarajia zaidi ya mia moja na kitu kwa sekunde. Ukipima diski ya namna hiyo ukapata `fsync` elfu kadhaa kwa sekunde, usifurahi: kuna kitu njiani kinajibu "tayari" kabla ya kazi kuisha.

Juu ya gharama hiyo kila mfumo unaongeza ya kwake. ext4 katika hali yake ya kawaida, `data=ordered`, ina sharti kwamba data ya sehemu mpya za diski ifike kabla muamala unaozitaja haujafungwa. Na muamala ulio wazi ni mmoja kwa mfumo mzima. Hifadhidata ikiomba `fsync` ya KB 4 wakati programu ya nakala rudufu inamimina mafaili makubwa kwenye kizigeu (sehemu ya diski) kilekile, ombi dogo linaweza kusubiri mzigo wa jirani. ext3 ilikuwa na ugonjwa huu vibaya zaidi. Mwaka 2008 watumiaji wa Firefox 3 waliuona waziwazi, kivinjari kikiganda kila hifadhidata yake ya SQLite ilipoita `fsync`. ext4 imepunguza makali kwa kuchelewesha ugawaji wa sehemu za diski, maana data ambayo haijagawiwa sehemu haiburutwi na muamala. Tangu Linux 5.10 kuna pia kipengele cha `fast_commit`, kinachoandika badiliko dogo bila kufunga muamala mzima, lakini lazima ukiwashe mwenyewe.

XFS husukuma data ya faili lililoombwa tu, kisha logi (ndiyo jonali yake) hadi pale mabadiliko ya faili hilo yalipofikia. Metadata ya wengine inaweza kupanda basi hilohilo, data yao haipandi. Kwa seva yenye kazi mchanganyiko kwenye kizigeu kimoja, muda wa `fsync` kwenye XFS hutulia zaidi. Hii ndiyo sababu ya nguvu ya kuichagua kwa hifadhidata, kuliko kasi ya mafaili makubwa inayosifiwa kila mahali.

Mambo mawili ni sawa kwa zote, na kila anayeandika programu ayashike. Kwanza, ukishaunda faili au kulibadilisha jina, ita `fsync` kwenye saraka yake pia. Jina la faili ni data ya saraka. Pili, `fsync` ikirudisha kosa, usiiite tena ukidhani umesawazisha. Kerneli inaweza kuwa imeshaziondolea kurasa alama ya kuwa zinasubiri kuandikwa, hivyo wito wa pili unajibu "sawa" huku data haipo kwenye diski. Waandishi wa PostgreSQL waligundua mwaka 2018 kwamba walikuwa wakiitegemea tabia isiyokuwepo. Tangu toleo la 11.2 la Februari 2019, `fsync` ikishindwa, seva ya PostgreSQL hujiangusha kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye WAL.

## Programu zisizoita fsync

Programu nyingi ndogo, hati za shell na mifumo ya mauzo iliyoandikwa haraka haziiti `fsync` hata mara moja. Kwa hizo ext4 ni mpole zaidi, na kuna historia.

ext4 ilipoanza kutumika mwanzoni mwa 2009, watumiaji walikuta mafaili ya mipangilio yenye urefu wa sifuri baada ya mashine kuanguka. Programu zao ziliandika faili la muda, zikalibadilisha jina kuwa la zamani, bila `fsync`. Jina jipya liliingia kwenye jonali mapema, data ikiwa bado RAM. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, aliongeza tahadhari zilizoingia kwenye Linux 2.6.30, na leo zinaitwa `auto_da_alloc`, zikiwa zimewashwa tayari. ext4 ikiona faili jipya linachukua nafasi ya la zamani kwa kubadilishwa jina, au faili limekatwa hadi sifuri likaandikwa upya na kufungwa, huanza kusukuma data papo hapo. Kwa hali ya `ordered` data hiyo hutangulia muamala unaobeba jina. Matokeo yake baada ya kuanguka ni faili la zamani au jipya, mara chache sana ganda tupu.

XFS ilikuwa na sifa yake mbaya: mafaili yaliyojaa baiti za sifuri baada ya umeme kukatika. Hilo lilirekebishwa kwenye Linux 2.6.22, na sasa ukubwa mpya wa faili huandikwa baada tu ya data kufika. Faili lililokatwa na kuandikwa upya, XFS huanza kulisukuma linapofungwa. Lakini kwa njia ya kubadilisha jina haina tahadhari kama ya ext4. Inashikilia kwamba asiyeita `fsync` hakuomba kitu. Msimamo huo ni sahihi kwa kanuni, ila mteja aliyepoteza mipangilio ya mashine yake ya risiti hasaidiki nao.

Kwa hati za shell, dawa ni mistari minne, na inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili (amri ya `sync` hupokea jina la faili tangu coreutils 8.24):

```
cp bei.conf bei.conf.tmp      # au andika yaliyomo mapya humu
sync bei.conf.tmp
mv bei.conf.tmp bei.conf
sync .
```

Mstari wa pili unahakikisha yaliyomo yamefika kabla ya jina kubadilishwa. Wa nne unahakikisha jina lenyewe limefika. Ukiruka wa pili, ext4 itakuokoa mara nyingi. XFS haitakuokoa.

## Njia za kulazimisha kila kitu kiandikwe

Wapo wanaoona suluhisho ni kuweka `sync` kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha vizigeu vya kupachika. Inafanya kazi kwa maana ya kwamba kila andiko linasubiri diski, na seva inakuwa nzito kiasi kwamba watumiaji wataanza kuizima kwa hasira. SSD nayo inachakaa bure. Tusiifikirie.

ext4 ina `data=journal`, ambapo data yenyewe hupita kwenye jonali pamoja na metadata. Kila kitu huandikwa mara mbili, ucheleweshaji wa ugawaji huzimwa, na maombi ya `O_DIRECT` (ya kuikwepa kashe) hupitishwa kwenye kashe kama maandishi ya kawaida. Inafaa kwa kizigeu kidogo chenye mafaili mafupi ya programu usiyoweza kuirekebisha. XFS haina kitu kama hicho. Ina `wsync`, inayofanya kuunda, kufuta na kubadilisha majina kusubiri logi ifike kwenye diski, lakini haigusi data ya faili.

Mara nyingi mahali sahihi pa kurekebisha ni kwenye hifadhidata. MySQL yenye `innodb_flush_log_at_trx_commit=2` huandika logi kila muamala lakini huisukuma hadi diski takriban mara moja kwa sekunde; umeme ukikatika, miamala ya sekunde hiyo inaondoka, uwe ext4 au XFS. Thamani ya 1 ndiyo ya usalama. SQLite katika hali ya WAL na `synchronous=NORMAL` haitaharibika, ila inaweza kupoteza miamala ya mwisho; `FULL` huilinda. Kagua haya kabla ya kubishana kuhusu mfumo wa mafaili.

## Diski inayodanganya

Diski nyingi zina kashe ya kuandikia ambayo hupotea umeme ukiondoka. ext4 na XFS zote hutuma amri ya kuimwaga, na usalama wote unasimama juu ya amri hiyo. Tazama diski yako inajitambulishaje:

```
cat /sys/block/sda/queue/write_cache
```

Jibu la `write back` lina maana kwamba kerneli itatuma amri za kumwaga. `write through` lina maana kwamba haitazituma, kwa kuwa diski imesema haihitaji. SSD za seva zenye kapasita za kushikilia umeme zinaweza kujibu amri hiyo haraka na bado ziwe salama, maana zina nguvu ya kumalizia kuandika. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja tu, nunua SSD ya namna hiyo. Inabadilisha kasi ya `fsync` na usalama wake kwa wakati mmoja, na hakuna chaguo la kupachika litakalokupa vyote viwili.

Angalia pia mipangilio ya zamani iliyonakiliwa kutoka seva hadi seva. `barrier=0` kwenye ext4 bado inakubalika na bado ni hatari kwa diski isiyo na kinga. Kwenye XFS, `nobarrier` iliondolewa kabisa katika Linux 4.19, ukiiacha kwenye `fstab` kisha ukasasisha kerneli, kizigeu kitakataa kupachikwa na seva itaishia kwenye hali ya dharura. Kwa mashine pepe za QEMU, `cache=unsafe` hupuuza amri zote za kumwaga, na ndani ya mashine pepe huwezi kuona tofauti.

## Mfumo ukijifunga wenyewe

Sasa tufike pale ambapo ext4 na XFS zina tabia mbili kabisa.

XFS ikishindwa kuandika kwenye logi yake, au ikikuta muundo ulioharibika kwenye kumbukumbu, hujifunga. Kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli) utaona mistari kama hii:

```
XFS (sdb1): log I/O error -5
XFS (sdb1): Please unmount the filesystem and rectify the problem(s)
```

Kuanzia hapo kila kitu kwenye kizigeu hicho, kuandika na kusoma, hurudisha kosa la `EIO` (hitilafu ya kusoma au kuandika). Hata `ls` inakataa. Data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu inapotea. Ni ukali wenye sababu: kama muundo ulio kwenye kumbukumbu umeharibika, kila sekunde ya kuendelea ni nafasi ya kuupeleka uharibifu huo kwenye diski.

Kuna mtego kwa wanaofuatilia seva kwa mbali. Kizigeu kilichojifunga kinaweza kuendelea kuonekana `rw` (kusoma na kuandika) kwenye `/proc/mounts`. Kifuatiliaji kinachosubiri kuona `ro` (kusoma tu) hakitapiga kelele. Kiandikie kijaribu kuandika faili dogo na kuita `fsync` kila dakika, kisha kipige kengele kikishindwa.

Hitilafu ya kuandika metadata mahali pake, nje ya logi, XFS huishughulikia kwa subira: kwa kawaida hujaribu tena bila kikomo. Kwa diski iliyokatika mawasiliano kwa muda, au LVM ya thin (inayotenga nafasi ya diski kadiri inavyotumika) iliyojaa, hiyo inaweza kukuokoa. Kwa diski iliyokufa, inakuachia programu zilizoganda. Kikomo kinawekwa hivi, kwa kizigeu cha `sdb1`:

```
echo 5 > /sys/fs/xfs/sdb1/error/metadata/EIO/max_retries
```

Thamani hiyo hupotea mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo iweke kwenye huduma ya systemd inayoanza baada ya kupachika.

ext4 inakupa uamuzi, kupitia `errors=` au `tune2fs -e`. Mifumo inayoundwa na `mkfs.ext4` huwekewa `continue`: kosa huandikwa na kazi inaendelea juu ya metadata yenye walakini. Visimikaji vya Debian na Ubuntu huweka `errors=remount-ro` kwenye kizigeu cha mfumo, lakini kizigeu cha `/data` ulichokiongeza mwenyewe baadaye kinabaki na `continue` hadi ukibadilishe. Kagua leo:

```
tune2fs -l /dev/sdb1 | grep -i 'errors behavior'
tune2fs -e remount-ro /dev/sdb1
```

Kwa `remount-ro`, mfumo unageuka wa kusoma tu. Unaweza kunakili data yako kwenda mahali pengine papo hapo, jambo ambalo XFS iliyojifunga haikuruhusu. Chaguo la tatu, `panic`, huiangusha kerneli nzima. Likiambatana na `kernel.panic=10`, mashine inajiwasha upya baada ya sekunde 10. Linafaa pale penye seva ya pili inayopokea kazi, si kwa seva moja iliyo peke yake. Jonali yenyewe ikishindwa kuandikwa, ext4 huacha kuandika na kwenda hali ya kusoma tu, hata kama ulichagua `continue`.

Kitu kimoja zaidi cha ext4: kosa la kuandika data ya faili, lisilo la metadata, kwa kawaida halisimamishi jonali. `data_err=abort` hubadilisha hilo kwa hali ya `ordered`. Kwa kizigeu cha hifadhidata tunaona inafaa kuiwasha.

| | ext4 | XFS |
|---|---|---|
| Metadata bila fsync | sekunde 5 | hadi sekunde 30 |
| fsync karibu na mzigo mkubwa | inaweza kusubiri jirani | hutulia zaidi |
| Kubadilisha jina bila fsync | kuna tahadhari | hakuna |
| Hitilafu ya metadata | unachagua tabia | hujifunga (kuandika nje ya logi hujaribu tena) |
| Kusoma baada ya hitilafu | inawezekana kwa `remount-ro` | `EIO` |
| Ukaguzi wakati wa kuwasha | `e2fsck` | `fsck.xfs` haifanyi kitu |

## Kurudisha kazini

Kwa XFS fuata mpangilio huu bila kuruka. Simamisha huduma, hifadhi `dmesg` kwenye mashine nyingine, kagua diski kwa `smartctl -a` na waya zake. Kisha `umount`; ikikataa, `fuser -vm /data` itakuonyesha nani bado ameshikilia. Pachika tena, ili kerneli irudie logi, kisha ondoa tena. Sasa `xfs_repair -n /dev/sdb1` uone ingefanya nini, halafu uiendeshe bila `-n`.

Ukiendesha `xfs_repair` kabla logi haijarudiwa, itakataa na kukuambia upachike kwanza. Hapo wengi hukimbilia `-L`. Chaguo hilo hufuta logi, pamoja na mabadiliko yaliyokuwa salama ndani yake. Mafaili yanaweza kuishia `lost+found` yakiwa hayana majina. Kama kupachika kumeshindikana kabisa, toa kwanza picha ya diski nzima kwa `ddrescue`, jaribu `mount -o ro,norecovery` kunakili kinachosomeka, ndipo `-L`. Ukiipachika picha hiyo kwenye mashine yenye diski ya asili, ongeza `nouuid`, maana XFS haikubali vizigeu viwili vyenye utambulisho mmoja.

Kwa ext4 jonali hurudiwa na `e2fsck` au na kerneli. Fahamu kwamba `mount -o ro` peke yake bado huandika kwenye diski, kwa kuwa jonali hurudiwa hata hivyo. Ukitaka kutogusa kitu tumia `ro,noload`. Baada ya kosa zito, ukaguzi wa kuwasha unaweza kusimama ukitaka uendeshe `fsck` kwa mkono. Kwa seva iliyo mji mwingine, isiyo na kioo, huo ni usafiri wa siku nzima. Weka `nofail` kwenye mstari wa `/data` ili mashine iwake, SSH ipatikane, na ukarabati ufanyike kwa mbali. Ushauri huo unaihusu XFS vilevile. Lakini zuia hifadhidata isianze kabla kizigeu hakijapachikwa, kwa `RequiresMountsFor=/data` kwenye huduma yake, isije ikaunda hifadhidata mpya tupu kwenye saraka tupu.

## Kuzima kwa nguvu kwa hiari

systemd huipa kila huduma sekunde 90 kusimama kabla ya kuiua, isipokuwa huduma imejiwekea muda wake. UPS yako ikibakiza dakika moja, hesabu hiyo haikai: anza kuzima mapema. Mashine ikiganda, kushikilia kitufe cha umeme ni sawa na kuchomoa waya. Bora Alt+SysRq kisha S, U, B, kwa kupumzika kidogo kati ya kila moja. Kwa SSH ya root ni `echo s > /proc/sysrq-trigger`, halafu `u`, halafu `b`. Ubuntu huruhusu hizo tatu kwenye kibodi bila kubadilisha chochote.

## Tungechagua ipi

Seva ya hifadhidata halisi, PostgreSQL au MySQL, yenye SSD ya kapasita na mtu anayejua kusoma `dmesg`: XFS. Hifadhidata hizo hujitunza kwa `fsync` zenyewe, muda wa kusubiri unatulia, na kujifunga mapema ni bora kuliko kuendelea na metadata mbovu.

Kompyuta ya kaunta, mashine ya zahanati ndogo, au seva yenye programu mchanganyiko ambazo hujui zimeandikwaje: ext4, `data=ordered`, `errors=remount-ro`, bila kugusa `auto_da_alloc`. Inasamehe zaidi, na fundi yeyote wa mtaa anaifahamu `e2fsck`. Pia inaweza kupunguzwa ukubwa baadaye. Kwa XFS usitegemee hilo.

Seva moja yenye vyote: gawa. Mfumo kwenye ext4, `/var/lib/postgresql` kwenye XFS, na nakala rudufu kwenye diski nyingine kabisa.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kabla ya kuweka data ya watu. Kwenye seva weka hati hii:

```
i=0
while true; do
  i=$((i+1))
  echo $i >> /data/jaribio.txt
  sync -d /data/jaribio.txt || exit 1
  echo $i
done
```

Iendeshe kutoka mashine nyingine kwa `ssh seva 'bash jaribio.sh' | tee zilizopokewa.txt`, iache dakika chache, kisha chomoa waya wa umeme. Usitumie `echo b > /proc/sysrq-trigger` kwa jaribio hili: inawasha mashine upya huku diski ikiendelea kupata umeme, hivyo kashe yake haipotei na udanganyifu wake hauonekani. Baada ya kuwaka, linganisha namba ya mwisho ya `/data/jaribio.txt` na ya `zilizopokewa.txt`. Ya kwenye diski iwe sawa au kubwa. Ikiwa ndogo hata kwa moja, diski, kidhibiti cha RAID au mashine pepe ilisema "tayari" kwa kitu ambacho hakikuwepo. Zima kashe kwa `hdparm -W 0 /dev/sda`, rudia mara kadhaa huku seva ikiwa na mzigo, na kama namba bado zinapungua, diski hiyo itumie kwa kitu kingine kisicho hifadhidata.